Pawabenki Ilikuwa Imejaa, Kamera Ikazimika

Kamera ilizimika saa kumi na dakika saba alasiri, Nyanya akiwa katikati ya daraja.

Daraja lenyewe ni la Mto Nairobi, na Nyanya alikuwa akilivuka kwa maneno, ameketi kwenye kiti chake cha mbao katika sebule ya Pumwani, mikono mapajani. Alikuwa akinisimulia usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, siku ya uhuru wa Kenya, alipokuwa msichana wa miaka 14, alipotoka na mama yake kwa miguu kuelekea mahali tunapopaita leo Uhuru Gardens ili waione bendera mpya ikipandishwa. Walipofika katikati ya daraja mama yake alisimama, akavua viatu, akamgeukia binti yake na kumwambia jambo. Nyanya alivuta pumzi ili alitamke jambo hilo. Nami, kwa mazoea, nikatupa jicho kwenye kioo cha kamera kuhakikisha kwamba uso wake bado umo ndani ya fremu.

Kioo kilikuwa cheusi.

Sikumkatiza. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikijua kwamba sauti ile haiingii popote isipokuwa masikioni mwangu. Alipomaliza nilimweleza kwamba kamera ilikuwa imezimika kabla hajafika mwisho wa daraja. Alinitazama kwa upole, akasema, "Basi, mjukuu wangu, maji yameshamwagika," kisha akainuka kwenda kutawadha.

Kilichonisumbua kwa wiki sita zilizofuata si kuzimika kwenyewe, maana kila betri huisha. Kilichonisumbua ni kwamba pawabenki, ile betri ya kubeba ya kuchajia vifaa, ilikuwa pale pale, juu ya mkeka, karibu na mguu wa stendi, waya wake umechomekwa kwenye kamera, na taa zake nne zote zilikuwa zikiwaka.

Taa nne

Siku hiyo stima ilikuwa imepotea mtaani tangu asubuhi, na Nyanya alikuwa amenipigia simu kunitahadharisha kabla sijatoka Pangani. Kwa hiyo nilikwenda nikiwa nimejiandaa, au ndivyo nilivyoamini. Nilikuwa na betri moja ya kamera iliyojaa, pawabenki iliyojaa ya 20,000 mAh (miliampia-saa, kipimo cha chaji inayobebwa), na waya. Kabla ya kumwomba Nyanya aketi nilichomeka waya huo, nikaona kitaa kidogo cha rangi ya chungwa kikiwaka ubavuni mwa kamera, ishara kwamba inachaji, nikaridhika. Ndipo nilipoiwasha kamera na kuanza kurekodi.

Sikukitazama tena kile kitaa.

Jioni ile nyumbani nilizihesabu zile klipu nikakuta jumla ya dakika 68. Ni muda ule ule ambao betri ya kamera yangu hudumu katika video siku zote, ikiwa peke yake. Pawabenki, kwa upande wake, ilikuwa bado imejaa kana kwamba haikutoka mkobani. Ushahidi wote ulikuwa mbele yangu usiku huo wa kwanza, lakini nilikuwa na huzuni, na mtu mwenye huzuni hutafuta wa kulaumu kabla ya kutafuta sababu.

Kuchaji si kuendesha

Niliulaumu waya kwanza. Nikanunua mwingine, mnene zaidi, na mambo hayakubadilika. Nikailaumu pawabenki, ambayo haikuwa na kosa lolote, kwa kuwa iliichaji simu yangu vizuri. Ilipofika wiki ya tatu nilinunua kipimio kidogo cha USB, kile kinachochomekwa kati ya pawabenki na waya na kuonyesha volti na ampia zinazopita, nikaketi nacho kwenye meza ya jikoni.

Kamera ikiwa imezimwa, kipimio kilionyesha volti 5 na nusu ampia hivi, yaani wati mbili na nusu. Nikaiwasha kamera. Namba ya ampia ikashuka papo hapo hadi sufuri, na kile kitaa cha rangi ya chungwa kikazimika.

Nilirudia mara tano.

Kijitabu cha maelekezo kilikuwa kimelisema jambo hilo kwa sentensi moja fupi: betri huchajiwa kamera ikiwa imezimwa. Nilikuwa nimeipita sentensi hiyo miaka mitatu iliyopita bila kuielewa, kwa sababu nilidhani kuchaji na kuendesha ni kitu kimoja. Kwenye simu huwa hivyo, maana simu huchaji huku unaongea nayo. Lakini kamera nyingi za kizazi kile, zenye kitundu kidogo cha USB ubavuni, zilitengenezwa na watu waliokiona kitundu hicho kama mahali pa kuhamishia picha na kuchajia usiku. Mara unapoiwasha, kamera hugeukia betri yake ya ndani na kuufunga mlango wa nje.

Na hata kama mlango huo ungeachwa wazi, hesabu ingenisaliti. Kamera yangu hutumia takriban wati 6 inaporekodi, ilhali kitundu kile hupokea wati mbili na nusu. Ni sawa na kujaza mtungi kwa kikombe huku chini una tundu la ukubwa wa kidole. Umeme huo ungenichelewesha tu kufika mwisho.

Ningependa kila anayenunua pawabenki kwa ajili ya kamera aanze na swali hili, kabla ya kuuliza ukubwa na bei: je, kamera yangu hupokea umeme ikiwa inafanya kazi, au hupokea ikiwa imelala? Jibu limo kwenye kijitabu, na kama kijitabu kimepotea, limo kwenye kitaa. Iwashe, uitazame.

Namba iliyo juu ya sanduku

Baada ya hapo nilitaka kuelewa ni kiasi gani hasa cha umeme nilichokuwa nimekibeba bila kukitumia. Betri ya kamera yangu imeandikwa volti 7.2 na 1,020 mAh. Pawabenki imeandikwa 20,000 mAh. Mtu akigawanya namba moja kwa nyingine atapata karibu betri 20, na kwa muda mrefu mimi mwenyewe nilikuwa nikiwaambia watu hivyo kwa uhakika kabisa.

Si kweli. Namba ile ya pawabenki huhesabiwa kwa volti za seli zilizo ndani, ambazo kwa kawaida ni 3.7, wala si kwa volti 5 zinazotoka kwenye kitundu, na si kwa volti 7.2 za kamera. Ndiyo maana miliampia-saa za vitu viwili vyenye volti tofauti hazilinganishwi, kama vile huwezi kulinganisha debe na kibaba kwa kuhesabu vyombo tu. Kipimo kinacholinganishika ni wati-saa, yaani volti ukizizidisha kwa ampia-saa. Betri yangu ina wati-saa 7.3. Pawabenki ina 74. Betri 20 zikawa 10. Kisha ondoa kinachopotea njiani kwa kugeuka joto, umeme unapopandishwa kutoka volti 3.7 hadi 5, na baadaye kupandishwa tena ili uifae kamera. Kilichobaki, kwa vipimo vyangu, kilikaribia betri 8.

Nane si haba. Ni mchana mzima wa masimulizi. Lakini aliyepanga kazi yake kwa 20 ataishiwa kabla ya jua kutua, na atakuwa mbele ya watu wasioweza kurudia walichokifanya.

Hesabu hiyo ilinifanya niikumbuke pawabenki ya binamu yangu, anayepiga picha za harusi, aliyoinunua katika duka moja la barabara ya Luthuli, jijini Nairobi, mwaka uliopita. Imeandikwa 50,000 mAh kwa herufi za dhahabu, na huingia kwenye mfuko wa shati. Seli ya mviringo inayotumika sana huitwa 18650, kwa sababu ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, nayo huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50 na hubeba kati ya 2,500 na 3,500 mAh. Ili kufika 50,000 unahitaji seli 15 zilizo bora kabisa, yaani zaidi ya nusu kilo kabla hujaweka ganda. Seli zikiwa bapa hesabu ya uzito haibadiliki sana.

Nilizichukua pawabenki zote mbili hadi soko la Burma, nikamwomba mwuza nyama mmoja anipimie kwenye mizani yake. Aliifuta sahani kwa kitambaa kwanza, jambo lililonigusa, akaweka yangu: gramu 356. Akaweka ya binamu yangu: gramu 212. Akaitazama ile ndogo yenye herufi za dhahabu, akaniuliza, "Dada, hii ndiyo kubwa?"

Sijui namna rahisi zaidi ya kumwonyesha mtu kwamba ameuziwa maandishi.

Betri bandia

Neno hili lina sura mbili, na ni heri nizitenganishe. Kuna betri bandia kwa maana ya ghushi, iliyobandikwa jina la kampuni isiyoitengeneza. Na kuna betri bandia kwa maana ya kitu chenye umbo la betri ambacho ndani hakina seli yoyote. Kinaingia mahali pa betri, na mkia wake, ambao ni waya, unatoka kupitia kijitundu kwenye kifuniko cha chini cha kamera na kwenda kwenye chanzo cha umeme. Hiyo ya pili ndiyo niliyoinunua katika wiki ya nne. Waya wake una kisanduku kidogo katikati kinachopandisha volti 5 za USB hadi takriban 8, kiwango ambacho kamera yangu inakihesabu kuwa betri iliyojaa.

Nilipoichomeka mara ya kwanza mikono ilinitoka jasho. Kamera haina njia ya kuhoji inachopewa kupitia mlango wa betri. Kisanduku kile kikitoa volti nyingi mno, au nyaya zikiwa zimeunganishwa kinyume, kinachoungua ni kamera. Nilipima kwa mita ya umeme kwanza, ncha kwa ncha, kabla ya kuiingiza. Nakushauri ufanye vivyo hivyo, na kama huna mita, mafundi wa redio wanazo na hawatakunyima dakika moja.

Ilifanya kazi. Usiku huo niliielekeza kamera kwenye saa ya ukutani, nikaiacha irekodi, nikalala. Kwa siku mbili niliamini kwamba nimepata jibu langu, na kwamba ningeweza kurudi Pumwani.

Kisha nikajiuliza kuhusu watoto.

Sebule ya Nyanya haikosi vitukuu. Wanaingia wakikimbia, wanatoka wakikimbia, na waya unaopita juu ya mkeka ni kamba ya kurukia. Nikataka kujua nini hutokea waya ukichomoka ghafla, kwa hiyo nilianza kurekodi, nikangoja dakika kumi, nikauvuta kwa makusudi. Kamera ilizima kama taa. Nilipoiwasha tena, faili la mwisho lilikuwepo kwenye kadi, lina ukubwa wake, lakini halikufunguka kwa programu yoyote niliyokuwa nayo.

Nililiangalia faili hilo kwa muda mrefu, kwa maana lilinifundisha jambo ambalo sikuwahi kulifikiria kuhusu betri ya kawaida. Betri ya kawaida inapokaribia kuisha, kamera hujua. Husimamisha kurekodi yenyewe, hulifunga faili sawasawa, ndipo hulala. Siku ile ya daraja nilipoteza mwisho wa hadithi, lakini dakika 68 za mwanzo zilikuwa salama kwa sababu kamera ilipewa nafasi ya kuaga. Betri bandia haina onyo. Umeme upo, kisha haupo, na klipu iliyokuwa ikiandikwa inaweza kwenda nao.

Nilikuwa nimeiondoa hofu ya betri kuisha, nikaiweka hofu yote kwenye waya mmoja.

Usiku wa majaribio

Majaribio mengine nitayapitia upesi. Nilipojaribu kuipiga picha Nairobi usiku kutoka juu ya paa letu, picha moja kila baada ya dakika mbili, pawabenki ilijizima yenyewe kabla ya saa sita. Nyingi hufanya hivyo: mkondo ukishuka sana hudhani simu imejaa, na kamera inayosinzia kati ya picha na picha huvuta kidogo mno. Baadhi ya pawabenki zina hali ya mkondo mdogo, iliyowekwa kwa ajili ya vifaa vidogo kama saa na spika za masikioni, na hiyo husaidia.

Niligundua pia kwamba umeme usioisha hauiondoi mipaka mingine. Kamera yangu hukata klipu ikifika dakika 29 na sekunde 59, kama zilivyofanya nyingi za miaka hiyo, kwa sababu Umoja wa Ulaya ulikuwa ukitoza ushuru zaidi kamera inayoweza kurekodi nusu saa au zaidi kwa mfululizo, na watengenezaji wakaona heri kuzikata zote. Kadi hujaa. Kamera hupata joto. Na wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya umeme huoza: pawabenki inayokaa kabatini ikiwa imejaa kabisa kwa miezi, au inayoachwa kwenye gari lililoanikwa juani, huzeeka haraka. Mimi sasa huiacha karibu na nusu ikiwa sina kazi nayo, na kuijaza usiku wa kuamkia safari. (Anayesafiri kwa ndege aibebe mkononi, si kwenye mzigo unaokwenda chini, na ajue kwamba kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100.)

Kamera ya kuazima

Binamu yangu ndiye aliyenifungua macho, baada ya kunisamehe kwa habari za mizani. Kamera yake ni mpya kuliko yangu kwa miaka kadhaa na ina kitundu cha USB-C, aina mpya zaidi ya USB, na kwa kuwa harusi ni za Jumamosi, Jumanne alikubali kuniazima.

Mara ya kwanza nilipoiunganisha na pawabenki yangu, alama ya plagi ilitokea kwenye kioo ikiwa ya kijivu, na kipimio kikaonyesha karibu na sufuri. Ule ubaridi wa Pumwani ukanirudia tumboni. Lakini safari hii nilijua pa kuangalia. Kamera za aina hiyo zinataka utaratibu uitwao Power Delivery, uliotangazwa mwaka 2012, ambao chini yake pawabenki na kamera huanza kwa kupatana bei. Pawabenki hutangaza bidhaa zake: nina volti 5, nina 9, na nyingine nina 15 na 20. Kamera huchagua inayoitaka, na ndipo biashara hufanyika. Mazungumzo hayo hupita kwenye waya wenye kichwa cha USB-C pande zote mbili. Mimi nilikuwa nimetumia waya wenye kichwa cha zamani, ambao haubebi mazungumzo hayo, kwa hiyo kamera ilitaka kupatana na hakuna aliyeijibu.

Nilibadilisha waya. Alama ikawa nyeupe, na kipimio kikasoma volti 9.

Kisha nikafanya lile jaribio nililoliogopa kuliko yote. Nikiwa na betri halisi ndani ya kamera, nikirekodi kwa umeme wa pawabenki, niliuchomoa waya. Kamera haikustuka. Ilihamia kwenye betri yake ya ndani na kuendelea kurekodi, na nilipouchomeka tena ikarudi kwenye pawabenki. Niliurudia mchezo huo mpaka binamu yangu akaniuliza kama nina nia ya kukiharibu kitundu chake.

Tofauti kati ya njia hizi mbili ndiyo iliyokuwa imenikosesha usingizi bila mimi kujua jina lake. Betri bandia huiondoa akiba ili kuleta wingi, wakati njia hii ya pili huleta wingi na kuiacha akiba mahali pake.

Alasiri ya pili

Nilirudi Pumwani Jumanne hiyo. Stima ilikuwepo, lakini sikuitegemea. Niliufunga waya kwenye mguu wa stendi kwa utepe mara tatu, nikaacha ulegevu kidogo karibu na kitundu, nikaiweka pawabenki ndani ya kikapu ili vitukuu wasiione. Nyanya aliketi. Nikabonyeza.

Alianza tangu mwanzo, kwa hiari yake: kanga aliyovaa, umati, vumbi. Walipofika mtoni moyo wangu ulienda mbio. "Tukavuka daraja," akasema, "tukaendelea."

Hivyo tu. Mama yake hakusimama, wala hakuvua viatu.

Sikuuliza. Nilihisi kwamba neno lile lilitolewa mara moja, na kwamba kulidai tena ni kumfanya Nyanya aigize kumbukumbu yake. Aliendelea kwa saa nzima, mambo mengine mengi na mazuri, mpaka adhana ya Alasiri ilipolia. Akaenda kuswali. Mimi nikaenda jikoni kubandika chai.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka kulieleza bila kuliharakisha. Katika miaka yote ya kumrekodi Nyanya kwa betri zangu ndogo, kila baada ya saa moja nilikuwa nikisema, "Nyanya, subiri nibadilishe betri." Naye angenyoosha miguu, angeuliza, "Imenyamaza hiyo?" na nikimjibu ndiyo, angeongea mambo ya ndugu na majirani kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya jikoni. Nilikuwa nikiziona dakika hizo kama hasara ya vifaa duni. Sikuwahi kuona kwamba zilikuwa mapumziko yake, na kwamba betri ndiyo iliyokuwa ikimwombea, kwa kuwa yeye asingeomba.

Aliporudi kutoka kwenye swala aliketi kwenye kiti kile kile. Nilimpa kikombe. Akapuliza mvuke, akasema, kana kwamba tulikuwa hatujaachana na daraja hata kidogo: "Unajua vile viatu vilikuwa vya kuazima."

Mama yake aliviazima kwa jirani ili asiende kwenye sherehe kubwa kama ile miguu mitupu. Katikati ya daraja alivivua, akasema, "Nikivirudisha vimepasuka nitaulizwa," na wote wawili wakatembea pekupeku hadi walipoanza kusikia umati, ndipo akavivaa tena. Alicheka akisimulia. Kisha akaacha kucheka, akaniambia habari za mjomba wake, ambazo sikuwahi kuzisikia, na ambazo sitaziandika hapa.

Nilipoinua macho kutoka kwenye kikombe niliona kitaa chekundu cha kurekodi kikiwaka. Hakuna betri iliyoisha. Hakuna klipu iliyokatwa. Kamera ilikuwa imerekodi kiti kitupu wakati wote wa swala, kisha ikarekodi yote.

Nilimaliza chai. Nilifunga vitu vyangu. Sikusema lolote, na nilirudi Pangani na lile nililolililia kwa wiki sita likiwa ndani ya kadi yenye ukubwa wa ukucha.

Kwa siku mbili sikulinakili faili hilo kwenye kompyuta. Nilijiambia kwamba Nyanya aliijua kamera ipo, kwamba ilikuwa mbele yake, kwamba hakuna aliyemficha kitu. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja lililonituliza, kwa sababu nilijua sauti ile. Hakuwa akiongea na kamera. Kwake, kamera ni kitu kinachochoka baada ya saa moja, na mimi ndiye niliyeifanya isichoke bila kumwambia.

Alhamisi nikamwomba binamu yangu aniachie kamera siku moja zaidi, nikapanda matatu hadi Pumwani. Nilimkuta Nyanya akichambua mchele. Nilimweleza kila kitu: pawabenki, waya, kitaa chekundu. Nikamwonyesha ile klipu kwenye kioo kidogo, pawabenki ikiwa imeunganishwa, maana klipu ilikuwa ndefu. Alivaa miwani. Alijitazama akipuliza chai, akajisikia akicheka, na ilipofika habari ya mjomba aliweka mkono juu ya kioo.

Alinyamaza kidogo.

"Hii ya viatu iache," akasema. "Ile ya mjomba, itoe."

Niliifungua kompyuta pale pale juu ya meza ya mchele. Nikakata sehemu ile, nikahifadhi iliyobaki, kisha nikalifuta faili la asili kwenye kadi mbele ya macho yake, na nikamwonyesha kadi ikiwa tupu.

"Imetoka kote?"

"Imetoka kote, Nyanya."

Akaielekezea kidole pawabenki, iliyokuwa kikapuni, taa zake tatu zikiwaka. "Na hiyo benki yako je? Haijaweka kitu?"

"Hiyo inaweka moto peke yake. Haiweki maneno."

Aliitazama kwa muda. Kisha akanyoosha mkono, akauchomoa waya yeye mwenyewe. Kamera haikuzimika, kwa kuwa betri yake ilikuwa ndani. Nikaizima mimi.